Staa Kasimamishwa na Trafiki, Sio Kakamatwa: Jua Umesimama Wapi Kisheria

Wadau, mjini hapa wiki haiishi bila klipu ya staa na trafiki. Iliyozunguka juzi kati ni ya msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina tunalihifadhi. Klipu yenyewe haifiki hata dakika moja: ndinga nyeupe imepaki pembeni, afande kashika leseni, msanii kashuka anarusha mikono, wapambe wawili nyuma yake simu juu. Aliyeiposti kaandika neno moja tu kwa herufi kubwa: AMEKAMATWA.

Mpaka jioni stori ilikuwa imeshapanda daraja. Huyu anasema kakutwa na madawa, yule anasema kalala ndani, wengine wameanza kumpa pole mama yake mzazi. Promota wa mkoani aliyeshalipa nusu ya hela ya shoo akaanza kupiga simu kuuliza kama atafute msanii mwingine. Ukweli wenyewe ulikuwa mdogo mpaka unachekesha. Jamaa alipita na mwendo mkali kwenye eneo la hamsini, akaandikiwa, akapewa namba ya malipo, akaendelea na safari yake.

Mimi sina ugomvi na umbea, ndio unaotuweka mjini. Ninachokataa ni watu kuchanganya maneno manne ambayo kisheria kila moja lina uzito wake: kusimamishwa, kuandikiwa, kukamatwa na kushtakiwa.

Maoni yangu ni haya. Mtu anayeshika usukani Tanzania hii, awe staa au mtu wa kawaida, hahitaji kukariri kitabu kizima cha sheria. Anahitaji kujua, akiwa pale pale pembeni ya barabara, yuko kwenye neno lipi kati ya hayo manne. Asipojua, ama ataogopa jambo dogo mpaka atoe rushwa, ama atadharau jambo kubwa mpaka akalale ndani. Yote mawili tumeyaona. Sasa twende neno kwa neno.

KUSIMAMISHWA

Trafiki kanyoosha mkono, umepaki pembeni, umeshusha kioo. Sheria inayohusika hapa ni Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973. Ina umri mkubwa kuliko wasanii wetu karibu wote. Ukaguzi wa kawaida hauna maana kwamba unashukiwa uhalifu. Ndio sababu unaweza kusimamishwa mara tatu kati ya Kimara na Chalinze, na mara zote tatu ukaambiwa "safari njema dereva".

Hapa msimamo wako ni mwepesi kabisa. Wewe ni dereva anayekaguliwa, basi. Itikia salamu, toa leseni, sikiliza unachoambiwa. Kama mkanda umefunga, taa zinawaka, matairi hayajawa kipara na bima iko hai, mnaagana.

Mastaa wengi wanaharibu hapa hapa. Afande anaomba leseni, mtu anajibu "Kwani hunijui mimi?" Jamani, afande anakujua. Nyumbani kwake watoto wanaimba nyimbo zako asubuhi mpaka usiku. Anachotaka kwa wakati huo ni ile kadi yenye picha yako na tarehe ya kuisha. Ukianza kumsukuma, kumtukana au kumzuia asifanye kazi yake, hapo umetoka kwenye ukaguzi ukaingia kwenye makosa ya jinai kwa miguu yako mwenyewe. Kosa la taa linamalizwa kwa faini. Kumshika afande kifuani hakumalizwi hivyo.

Kitu kimoja cha kutenganisha: kukagua gari na kupekua gari ni mambo mawili. Kuangalia matairi na stika ni ukaguzi. Kufungua mabegi na kuchungulia chini ya viti ni upekuzi, na huo unataka askari awe na sababu ya msingi ya kushuku kitu. Kuuliza "Afande, samahani, naomba kujua tunatafuta nini?" sio kosa, ilimradi umeuliza kama mtu mzima. Na kama anayepekuliwa mwilini ni mwanamke, sheria inataka apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Dada zangu wa Bongo Movie, hilo mliweke kichwani.

KUANDIKIWA

Hapa ndipo wengi wetu tunapoishia. Kosa moja la gari ni shilingi 30,000. Bodaboda na bajaji ni 10,000, tangu bajeti ya serikali ya mwaka 2021 ilipowashushia kutoka kwenye ile 30,000 waliyokuwa wanalipa sawa na wenye magari. Angalia hilo neno "kosa moja". Mwendo, mkanda na taa ni makosa matatu, na makosa matatu ni 90,000. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba "kanipiga faini kubwa" mara nyingi kaandikiwa zaidi ya kosa moja, ila hakusoma karatasi.

Na hilo la kusoma ndio ombi langu kubwa kwenye makala hii. Ile notifikesheni unayopewa sio risiti, wala sio hukumu. Ni tuhuma iliyoandikwa, pamoja na nafasi ya kuimaliza bila kwenda kwa hakimu. Inakupa njia mbili.

Njia ya kwanza, unakubali kosa, unalipa, yameisha. Hakuna mahakama na hakuna wakili.

Njia ya pili, hukubali kosa. Unasema nataka suala hili liende mahakamani, na huko upande wa mashtaka ndio wenye kazi ya kuthibitisha kwamba ulitenda.

Watu wengi hawajui kama njia ya pili ipo. Na wanaojua kwamba ipo wanaichukulia kama matusi kwa afande. Sio matusi. Imo kwenye sheria ile ile iliyompa yeye kalamu ya kukuandikia.

Kuna msanii mmoja mkongwe alilipa faini, halafu akaingia mtandaoni kulia kwamba kaonewa, hakuwa na kosa. Moyoni inawezekana yuko sahihi. Kisheria kashachelewa, maana kulipa ndiko kukubali. Huwezi kumaliza jambo kwa njia ya kwanza kisha ukalidai kwa njia ya pili. Kama unaamini kabisa hukufanya, amua kabla ya kubonyeza namba ya siri.

Najua mtakachosema: nani ataacha kazi zake siku nzima, pengine siku tatu, akapange foleni mahakamani kwa ajili ya elfu thelathini? Mko sahihi, na hapo ndipo penye kasoro halisi. Haki ambayo kuidai kunagharimu kuliko kuiacha, wengi wataiacha. Dereva wa daladala akikosa siku moja ya hesabu, kashapoteza zaidi ya faini. Kwa hiyo analipa hata pale ambapo tochi ilimsoma mtu mwingine. Mimi ningependa kuona mambo mawili. Kwanza, askari amwambie dereva kwa mdomo, Kiswahili cha kawaida, "una haki ya kulipa au kwenda mahakamani". Pili, mwenye kulipinga kosa aweze kusikilizwa haraka, siku moja, bila kuzungushwa. Mpaka hayo yawepo, angalau ujue kwamba unapolipa kosa ambalo hukufanya, umechagua. Hukulazimika.

Hela yenyewe hailipwi mkononi. Unapewa namba ya malipo, ile watu wanaiita kontro namba, unalipa kwa simu au benki. Noti yoyote iliyopita dirishani ikaingia mfukoni bila namba wala risiti sio faini. Ina jina lake, tutalifikia.

Usipolipa, deni halisahauliki. Likipita muda wake linaongezeka, na limekaa kwenye mfumo wa polisi chini ya namba ya gari. Hii inawahusu sana nyie mnaopenda kubadilisha mikoko. Kuna dada mmoja wa filamu alinunua gari la mkononi kwa mbwembwe zote, keki ikakatwa, maua yakamwagwa juu ya boneti. Wiki ya pili kasimamishwa, afande kaingiza namba kwenye mashine, likatoka rundo la madeni ya tochi la mwenye gari wa zamani. Ukurasa wa polisi wa kuangalia madeni uko wazi kwa kila mtu, unaingiza namba ya gari unaona mwenyewe. Angalia kabla hujatoa hela, na ukishanunua hamisha umiliki. Gari ikiendelea kusoma jina la mtu mwingine, makosa yako yatamfuata yeye na ya kwake yatakufuata wewe.

KUKAMATWA

Hili ndio neno lililotumika vibaya kwenye ile klipu. Kukamatwa ni pale ambapo huna tena uhuru wa kuondoka. Umeambiwa uko chini ya ulinzi, au umeshikwa, au umepandishwa kwenye gari la polisi kuelekea kituoni. Sio kila kosa la barabarani linaishia kwenye karatasi. Ukinuka pombe na kipimo kikasoma juu, ukigonga mtu, ukiendesha kwa hatari mpaka mtu akaumia au kufa, hapo elfu thelathini haipo kwenye mazungumzo.

Kuanzia hapo unatoka kwenye sheria ya barabarani peke yake, unaingia pia kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, ya mwaka 1985. Hii ndiyo inayosema polisi wafanye nini na wewe, na wewe una nini mkononi. Yaliyo muhimu ni haya:

Una haki ya kuambiwa umekamatwa kwa kosa gani. Uliza kwa sauti ya kawaida, "Afande, nimekamatwa kwa kosa gani?"

Unatakiwa kutaja jina lako na anwani yako. Zaidi ya hapo hulazimiki kujibu maswali kuhusu kosa, na unatakiwa uonywe kwamba utakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi. Rudia kusoma hiyo sentensi. Wabongo tunapenda kujieleza. Mtu kafika kaunta tu, anaanza "Afande ngoja nikwambie ukweli, nilikunywa mbili tu." Hizo mbili tu kashazisema, na zitaandikwa.

Una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Polisi wanaweza kukuzuia tu kwa sababu maalumu, kwa mfano kama wanaona simu hiyo itamtorosha mtuhumiwa mwenzako au kupoteza ushahidi. Kwa dereva aliyepita kwenye taa nyekundu, hilo ni gumu kulisema. Ila simu hiyo mpigie mtu mwenye akili. Kuna mtu akishikwa anampigia kwanza meneja wake wa mitandao. Huyo atakuletea kamera, wakati wewe unahitaji mdhamini.

Mahojiano yana muda. Muda wa kawaida wa kukuhoji ni masaa manne tangu uwekwe chini ya ulinzi, na mkuu wa kituo anaweza kuongeza mpaka masaa manane mengine. Muda wa kukusafirisha kwenda kituoni au wa kumsubiri wakili wako hauhesabiwi humo. Maelezo yako yakiandikwa, una haki ya kuyasoma au kusomewa, na kurekebisha kilichokosewa, kabla ya kusaini. Usisaini karatasi ambayo hujaisoma, hata kama umechoka na mbu wanakula miguu.

Halafu dhamana. Kwa mtu aliyekamatwa bila hati, kwa kosa ambalo adhabu yake sio kifo, sheria inasema hivi: kama haionekani kwamba atafikishwa mahakamani ndani ya masaa 24, mkuu wa kituo lazima aliangalie suala lake, na kama kosa halionekani kuwa kubwa, amwachie kwa dhamana, akiwa na wadhamini au bila wadhamini. Dhamana ya polisi ni bure. Hayo maneno yamebandikwa kwenye kuta za vituo vyetu, na bado kila siku kuna mama anakopa laki moja ya "kumtoa mtoto".

Hapa ndipo penye maumivu ya kweli, wadau. Staa akishikwa, mpaka saa mbili usiku wameshafika mawakili wawili na mheshimiwa mmoja. Dogo wa bodaboda akishikwa, anayefika ni dada yake na kitenge begani, hajui aulize nini, anaambiwa "subiri mkubwa aje". Sheria ni ile ile kwa wote wawili. Kinachotofautiana ni nani anajua kuuliza. Dada huyo akijua maswali matatu tu, kashikwa kwa kosa gani, amekamatwa saa ngapi, na dhamana yake ina masharti gani, tayari kashasogea mbali. Na tangu mwaka 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, inayowatambua wasaidizi wa kisheria wanaosaidia wasio na uwezo. Wapo hata huko mikoani. Watafuteni kabla ya kukopa laki.

KUSHTAKIWA

Umefikishwa mbele ya hakimu, umesomewa shtaka, umeulizwa ni kweli au sio kweli. Hapo ndio umeshtakiwa. Na hata hapo bado hujawa mkosaji. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba ana hatia.

Tukio la kawaida la trafiki ni nadra sana kufika huku. Mtu anafika kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa kubwa, au kwa sababu alichagua njia ya pili ya notifikesheni, au kwa sababu aliligeuza jambo dogo kuwa kubwa. Hao wa mwisho ndio wananiuma zaidi. Na njia rahisi ya kuligeuza ni hii inayofuata.

ILE "CHAI" YA DIRISHANI

Tuseme ukweli, ni mazungumzo ambayo kila mwenye leseni anayajua. "Afande, tusaidiane basi." "Sasa dereva, unanisaidiaje?" Elfu tano au elfu kumi inakunjwa ndani ya leseni, safari njema.

Hesabu ya dereva ni kwamba kaokoa elfu ishirini. Hesabu ya sheria ni nyingine kabisa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haimwangalii mpokeaji peke yake, na mtoaji naye yumo. Ilivyotungwa, kosa hilo liliwekewa faini kuanzia shilingi 500,000 mpaka milioni moja, au jela kuanzia miaka mitatu mpaka mitano, au vyote viwili. Kwa hiyo ulikuwa na kosa la barabarani la 30,000 ambalo lingeisha kwa simu yako mwenyewe, ukalibadilisha kwa hiari yako likawa kosa la miaka mitatu. Biashara gani hiyo?

Na kwa staa ni mbaya mara mbili, kwa sababu kila mtu ana kamera. Klipu ya kuandikiwa inasahaulika Ijumaa, wimbo mwingine ukitoka. Klipu ya kukunja noti haisahauliki, na ni ushahidi. Ukiombwa hela, jibu zuri ni fupi: "Afande, niandikie tu." Maneno matatu hayo yanamaliza mjadala wote bila kelele. Ukiona unazidi kubanwa, TAKUKURU wana namba ya bure, 113.

DEREVA WA BOSI

Kuna mtu mmoja kwenye hizi klipu hatumuangaliagi kabisa, naye ni dereva. Staa kakaa nyuma, anawahi jukwaa Morogoro, anapiga kelele "kanyaga bana, tumechelewa". Dereva anakanyaga. Wanapigwa tochi kwenye kijiji chenye kibao cha hamsini. Staa anashuka kugombana, klipu ni yake, komenti ni zake. Lakini leseni iliyoko mkononi mwa afande ni ya dereva.

Makosa ya uendeshaji yanamwangukia aliyeshika usukani. "Bosi alisema" haimo kwenye sheria. Mtu akigongwa na kufa, anayesimama kizimbani ni huyu kijana wa mshahara mdogo, na bosi atakuwa shahidi akikumbuka kuja. Leseni ndio kazi yake, ndio ada ya mtoto wake. Kwa hiyo nyie wenye madereva, kama mnawapenda kweli, waacheni waendeshe hamsini kwenye hamsini, na wakiandikiwa kwa haraka zenu, lipeni nyie. Na nyie madereva, bosi akisema kanyaga, mjibu kwa adabu: "Bosi, leseni ni yangu."

KUNA WATAKAOPINGA

Nimeshaisikia hii mara nyingi: "Kwa trafiki wa Bongo, ukijua sheria ndio umejichongea. Ukianza kutaja sura na ibara, kosa moja linakuwa manne." Sitabisha kwamba hutokea. Gari nyingi zetu, zikikaguliwa kwa hasira, makosa manne hayakosekani.

Lakini kujua sheria na kumhutubia afande sheria ni vitu viwili. Sijamwambia mtu yeyote ashuke na katiba mkononi. Anayejua yuko kwenye neno lipi kwa kawaida ndio mwenye sauti ndogo, kwa sababu hana hofu. Hana haja ya kupiga simu kwa mheshimiwa wala kuwasha kamera wakati anaongea. Anaangalia jina la askari au namba yake ya kazi, anakumbuka saa na mahali, anasoma karatasi, anaondoka. Kama kuna malalamiko, anayapeleka kwa mkuu wa kituo au kwa mkuu wa trafiki wa mkoa, na ana taarifa zote. Anayepiga kelele barabarani mara nyingi hata kosa aliloandikiwa hajalisoma.

Na trafiki nao tuwatendee haki. Wapo wengi wanaosimama juani tangu alfajiri, na wengine wameshagongwa wakiwa kazini. Tukitaka wafuate sheria, tuanze kwa kuwajua kama watu wenye kazi, na sio wahusika wabaya wa kila klipu.

MLIOSHIKA SIMU

Namalizia na sisi watazamaji. Neno "amekamatwa" lina bei. Mkataba wa tangazo unaweza kuvunjika kwa neno hilo, shoo inaweza kuhamishiwa kwa msanii mwingine, na mtoto wa huyo msanii anaweza kuchekwa shuleni kesho yake. Tena kuchapisha mtandaoni taarifa za uongo ukijua ni uongo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Yaani unaweza kumuandika mtu kwamba kakamatwa, ukakamatwa wewe.

Hapa kwetu utaratibu ni mmoja. Kama kasimamishwa, tunaandika kasimamishwa. Kama kaandikiwa, tunaandika kaandikiwa na kosa gani. Kama kashtakiwa, tunaandika kashtakiwa, na neno "mhalifu" tunamwachia hakimu. Stori inakuwa ndogo kidogo, ni kweli. Lakini inabaki stori hata wiki ijayo.

Safari hii komenti zenu nazitaka zenye faida. Je, umewahi kukataa kosa ukaenda mahakamani? Ilichukua siku ngapi na iliishaje? Usitaje jina la afande wala kituo, tupe tu mambo yalivyokwenda, ili mwingine akisimamishwa kesho ajue pa kuanzia.